Siku Yetu Uwanja wa Sabasaba, Njombe



Leo tunataka kuzungumza jambo ambalo wanawake wa biashara tunalikimbia: kupumzika. Hatusemi kulala, maana kulala hata mgonjwa analala. Tunasema kutoka ndani, ukakaa mahali, ukatizama kitu ambacho hakikuingizii hata shilingi, kisha ukarudi na roho nyeupe. Wengi wetu tukiulizwa mara ya mwisho ilikuwa lini, tunajibu harusi. Na harusi, shoga, tunaijua sote. Sare umeilipia, vyungu umevisimamia usiku kucha, na siku ya pili mgongo hauinuki. Hayo si mapumziko.

Basi tutakuhadithieni siku moja tu, Jumapili ya tarehe 10 Septemba 2017, tulipokwenda kutizama mpira mjini Njombe. Ndiyo, mpira. Sisi na mabuibui yetu. Kaeni kitako.

Tulifikaje huko

Sisi ni watatu, tunanunua mzigo pamoja na kugawana. Mkubwa wetu ana duka la vyakula mtaani. Wa pili anauza marikiti ya Mwanakwerekwe. Wa tatu, ndiye anayeshika kalamu hii, alimaliza skuli ya sekondari akasomea cherehani, na mpaka leo anashona asubuhi na kuhesabu magunia jioni.

Mzigo wetu mkubwa ni mbatata. Dada unapokula urojo pale Forodhani, au katlesi za futari, jiulize ile mbatata imetoka wapi. Unguja hatuilimi ya kutosha. Nyingi inapanda boti kutoka Bara, na sehemu yake kubwa inatoka nyanda za juu kusini, Njombe na maeneo yake, kwenye udongo mwekundu na baridi ambayo mbatata inaipenda. Kule hawasemi mbatata, wanasema viazi. Ukisema mbatata wanakutizama kwanza, kisha wanacheka, kisha wanakupandishia bei kwa sababu wameshajua wewe mgeni.

Kwa asiyeijua njia: unavuka bahari mpaka Dar es Salaam, unalala, alfajiri unapanda basi. Morogoro, mbuga ya Mikumi, mlima wa Kitonga ambao kila abiria anausomea dua yake, Iringa, Mafinga, halafu Makambako. Hapo Makambako ndipo njia panda. Barabara kuu inaendelea Mbeya na Zambia, na nyingine inakata kusini kwenda Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo inapita hapo hapo. Mji wote ni kama stendi moja kubwa: malori, magunia, wauza chai, madalali, na upepo. Njombe yenyewe iko mbele kiasi cha kilomita 60, njia ya kupanda, na kila ukipanda baridi inazidi.

Safari hiyo tulifika Makambako Ijumaa usiku. Jumamosi tukanunua na kupima. Tulipambana na lumbesa, yaani lile gunia linalojazwa mpaka juu ya mdomo kisha likavishwa kilemba cha wavu na kushonewa, ili mkulima auze gunia moja na nusu kwa bei ya gunia moja. Sisi hatununui lumbesa. Sheria inakataza, na hata isingekataza, anayejua kushona anajua wapi mshono umefichwa. Ikawa tumemaliza, tunasubiri Fuso tu. Mwenye gari akapiga simu: hafiki mpaka Jumatatu alfajiri.

Kwa hiyo tukawa na Jumapili nzima mikononi. Mzigo umeshafungwa na kulipiwa, umo ndani ya ghala na mlinzi yupo. Hakuna cha kufanya.

Mwenzetu

Hapa lazima tuseme jambo moja, na mwenyewe ametupa ruhusa tuliseme.

Mwenzetu wa marikiti alikuwa ametoka kwenye eda. Si eda ya kufiwa, eda ya talaka. Ndoa ya miaka 11 ilikatika kwa karatasi iliyoletwa na mtoto wa jirani. Safari hii ilikuwa yake ya kwanza tangu hapo. Njia nzima kutoka Dar alikuwa ameegemea kioo. Hakulia, hakulalamika, alikuwa kimya tu. Tulipofika Kitonga akatwambia bila ya kutugeukia, "Tukirudi nataka mtaji wangu. Nataka kufunga." Tukamwambia tutazungumza nyumbani. Kila mmoja wetu alipiga hesabu kimya kimya, kwa sababu biashara ya watu watatu mmoja akitoa fedha zake, wawili hawajazi gari. Lakini hilo si lililotuumiza. Lililotuumiza ni kwamba alikuwa hodari kuliko sisi wote kwenye mizani, na alikuwa akijitoa kama mtu anayesema hafai.

Hiyo ndiyo Jumapili tuliyoamka nayo Makambako.

Kwa nini mpira

Asubuhi tulikwenda kunywa chai. Barabarani tukaona jambo ambalo si la kawaida. Makoasta ya kwenda Njombe yamejaa, vijana wamevaa kijani na njano, bodaboda zina bendera, mzee mmoja amevaa koti la mvua la kijani na jua linawaka. Tukauliza. Mama wa chai akashangaa kwamba hatujui. "Leo Yanga yupo Njombe!"

Sasa, kwa dada zetu wasiofuatilia. Njombe ni mkoa mchanga, umekatwa kutoka Iringa mwaka 2012. Msimu wa 2017/18 timu yao, Njombe Mji, ilipanda Ligi Kuu, pamoja na Lipuli ya Iringa na Singida United. Ligi ilikuwa na timu 16. Na Yanga alikuwa bingwa mtetezi. Fikiria klabu kubwa kama ile, ambayo watu wa Njombe wamezoea kuisikia redioni na kuiona kwenye televisheni ya kibanda umiza, leo inakuja kucheza mchezo wa ligi kwenye uwanja wao wa Sabasaba, kwenye baridi lao.

Mkubwa wetu ndiye aliyesema, "Twendeni." Sisi tukacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Tumekaa hapa kutwa nzima kufanya nini? Kumtizama huyu anavyotizama ukuta?"

Mnajua swali lililofuata, maana na nyinyi mngeliuliza. Inafaa? Wanawake watatu, ugenini, uwanjani?

Hatuandiki hapa kama mashekhe. Tunasema tulichofundishwa chuoni na walimu wetu. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, amesimulia, na hadithi imo ndani ya Bukhari na Muslim, kwamba Wahabeshi walikuwa wakicheza na mikuki yao msikitini, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akasimama mlangoni pa chumba chake akamsitiri kwa shuka yake, naye akawa anatizama kwa nyuma ya bega lake. Hakumwambia basi yatosha. Alisimama mpaka mwenyewe Bibi Aisha akatosheka. Tulipokuwa wadogo tuliisikia hadithi hii kama habari ya mapenzi ya mume na mke, na ndiyo hivyo. Lakini ukubwani tunaona na jambo jingine ndani yake. Mwanamke alitaka kutizama mchezo, na mbora wa viumbe akaona ni haki yake, akampa nafasi, stara, na muda. Na kuna ile nyingine ya kwamba walishindana mbio wao wawili, mara ya kwanza akashinda Bibi Aisha, baadaye akashinda Mtume. Dini yetu haikuja kutunyima furaha ya halali.

Stara tulikuwa nayo, wenzetu tulikuwa nao, na sala tulijua tutaipangaje. Tukapanda koasta.

Baridi, sweta na sala

Tuwaambie ukweli kuhusu baridi ya Njombe. Sisi watu wa pwani tukisema "leo baridi" tuna maana feni imewekwa namba tatu. Njombe ni baridi inayoingia kwenye mkono wa buibui na kutokea mguuni. Tulishuka stendi tukaenda moja kwa moja kwenye mitumba. Kila mmoja akanunua sweta zito la kuvaa ndani. Huyu anayeandika akageuza masweta yote ndani nje kukagua mishono kabla ya kulipa, mpaka muuzaji akauliza kama tunanunua au tunasahihisha mtihani.

Asubuhi ile mji ulikuwa umetoka makanisani. Njombe ni mji wa Wakristo wengi, Walutheri na Wakatoliki, na Jumapili unasikia kwaya kila upande. Wanawake walikuwa wamefunga vitenge juu ya masweta, watoto mgongoni wamefunikwa blanketi. Walitusalimia kwa Kibena, "Kamwene!" Tulipojifunza kujibu wakafurahi mno. Msikiti upo, tuliuliza tukaonyeshwa vizuri, na aliyetuonyesha alikuwa mama aliyeshika Biblia. Tukasali Adhuhuri na Alasiri pamoja, kwa kupunguza, kama wasafiri. Dada, hili shika: ukiwa safarini Allah amekupa wepesi. Usiuache ukaja kuhangaika baadaye katikati ya umati, unatafuta maji na kibla.

Chakula tulibeba chetu. Chapati, mayai ya kuchemsha, na chupa ya chai ya tangawizi na hiliki. Majani yalikuwa ya huko huko Njombe, maana mashamba ya chai ya Kibena na Luponde yamekaa kama zulia la kijani. Hiliki tulitoka nayo nyumbani.

Uwanjani

Tulikata tiketi tukaingia mapema. Usifikirie kiwanja kama cha Amaan, chenye viti na taa. Wengi walikuwa wamesimama, wengine wamekaa chini, na nje vijana wamepanda juu ya magari ili waone bure. Vumbi lilikuwa jekundu. Tulitafuta sehemu yenye wanawake na watoto, tukatandika kitenge, tukakaa.

Jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba wanawake walikuwa wengi. Hawakuja kusindikiza mtu. Walikuja kutizama. Wapo waliokuja na sufi zao wanafuma soksi za watoto, macho kiwanjani, vidole vinajua njia. Wapo waliokuwa wanabishana kuhusu beki wa kushoto kama sisi tunavyobishana kuhusu rangi ya sare.

Jambo la pili ni mioyo ya watu. Wengi pale ni Yanga tangu utotoni. Baba yake ni Yanga na babu yake ni Yanga. Leo Yanga anacheza na mji wao. Karibu yetu alikaa kijana aliyevaa jezi ya Yanga kwa ndani na fulana nyeupe kwa nje, na kwenye fulana ameandika NJOMBE kwa herufi alizokata kwenye kitambaa na kushonea kwa mkono. Mshono wa mkono, wa nyuma, umenyooka. Tulimuuliza leo yuko upande gani. Akafikiri kweli kweli, kisha akasema, "Wakifunga Njombe nitashangilia. Wakifunga Yanga nitanyamaza."

Sisi tulimwelewa. Mwaka ule ule wa 2017, mwezi wa Machi, Zanzibar yetu ilipokewa na CAF kuwa mwanachama kamili, watu wakatoka mabarabarani kwa furaha. Mwezi wa Julai tukaondolewa. Miezi minne tu. Kwa hiyo tunajua raha ya mdogo kupewa kiti kwenye meza ya wakubwa, na tunajua kiti hicho kilivyo. Na kwa upande wa Yanga napo tulikuwa na wetu, maana jina la Nadir Haroub, Cannavaro, mtoto wa Zanzibar aliyekuwa nahodha wa Yanga kwa miaka, hata mama zetu wasiojua mpira wanalijua.

Mchezo ukaanza saa 10. Hatutajifanya wachambuzi. Tunachojua ni kwamba mara ya kwanza mchezaji wa Njombe Mji alipomvua mpira mtu wa Yanga, uwanja mzima ulitoa sauti moja, na mwenzetu aliyekuwa kimya tangu Dar akageuza shingo.

Kisha, kipindi cha kwanza, Yanga wakapata mpira wa adhabu. Akasimama Ibrahim Ajib, aliyekuwa ametoka Simba kujiunga na Yanga msimu ule. Akapiga. Ukaingia. Kuna waliorusha kofia juu, kuna walioshika vichwa, na yule kijana wetu wa fulana mbili alinyamaza kama alivyoahidi, ila mdomo ulikuwa unamchezacheza.

Ndoo ya viazi

Mapumziko ya katikati tulimimina chai. Mkubwa wetu ana kaka anayeishi Leicester, Uingereza. Akatuhadithia kuwa kule kuna mchezo wa kriketi wa kaunti. Mechi moja ya ligi yao inachukua siku 4, watu wanakwenda na vikapu vya mikate, na mchezo unasimamishwa ili wachezaji wanywe chai, kisha wanaendelea. Uwanja wa Leicestershire unaitwa Grace Road, na kaka yake akichoka na kazi huenda akakaa pale kutwa nzima, watu wachache, wazee na magazeti yao. Nani kashinda si muhimu sana. Tukasema huo ndio mchezo wetu, wenye chai ndani ya sheria zake. Mwenzetu akacheka. Kicheko kidogo, cha puani, lakini tulikisikia, na tukajifanya hatukusikia.

Ndipo akapita mama mmoja na ndoo. Ndani ya ndoo viazi vya kuchemsha, vya moto, juu vimefunikwa kitambaa, pembeni kikopo cha chumvi na pilipili. Sisi tuliotoka Unguja kufuata mbatata, tena gari zima, tukanunua mbatata sita za kuchemsha. Wallahi zilikuwa tamu. Mama akakaa nasi kidogo apumzishe miguu.

Mwenzetu akamuuliza, "Mama, unauza hapa siku zote?"

"Tangu timu iko madaraja ya chini. Wakati huo watu hawafiki hamsini."

"Na leo?"

"Leo hii ndoo ya nne, mwanangu."

Mwenzetu akanyamaza, kisha akauliza swali ambalo tulijua si la mpira. "Na timu ikishuka tena, mama? Watu wakikimbia wote?"

Yule mama alimtizama kama mtu aliyeulizwa jambo jepesi. "Nitakuja na ndoo ndogo."

Akainuka, akaweka kata yake kichwani, akapandisha ndoo, akaenda.

Kipindi cha pili Njombe Mji walipambana. Walikimbia kila mpira. Hawakusawazisha. Lakini lilitokea shambulio moja, karibu na lango la Yanga, na tukasikia mtu kando yetu anapiga kelele "Piga! Piga we!" kwa sauti ya marikitini, ile sauti ya kuita wateja saa ya jioni. Alikuwa mwenzetu. Amesimama, mtandio umemlegea, mkono juu. Mkubwa wetu akamshika mtandio akamfunga vizuri bila ya kusema kitu, na macho yake yakabaki kiwanjani.

Mchezo ukaisha 1-0. Watu wa Njombe wakapiga makofi kwa timu yao kama imeshinda. Tukatoka, tukaisali Magharibi na Isha pamoja, tukapata koasta ya mwisho ya Makambako. Ndani ya gari abiria walibishana ule mpira wa adhabu ulikuwa halali au si halali mpaka tunashuka. Mwenzetu naye alibishana. Alisema haukuwa halali, na hakuwa amekiona kilichotokea.

Fuso lilikuja alfajiri. Tukapakia.

Ilivyokuwa baadaye

Hatutaki kuwadanganya kwamba mpira unatibu talaka. Hautibu. Mwenzetu alikuwa na usiku mwingi mrefu baada ya hapo, na tulikesha naye baadhi. Lakini tulipofika Unguja na kukaa kugawana hesabu, tukamsubiri aseme habari ya mtaji wake. Akasema, "Msinitoe. Nipunguzieni. Safari ijayo niwekeeni magunia 10 tu." Zamani alikuwa anachukua 40. Hakueleza zaidi, na hatukumuuliza. Sote watatu tulikuwa tumeisikia habari ya ndoo ndogo.

Mwezi wa Disemba wa mwaka ule Zanzibar Heroes walikwenda Kenya kwenye Kombe la Chalenji la CECAFA. Hakuna aliyewapa nafasi. Wakawafunga Bara 2-1, wakafika fainali, wakatoka 2-2 na wenyeji Kenya, wakapoteza kwa penalti. Siku ile ya fainali mwenzetu alitufungulia nyumba yake. Nyumba ile ile aliyokuwa amefunga madirisha yake tangu karatasi ilipoletwa. Alipika katlesi sinia mbili. Tulijaa wanawake sebuleni, na tuliposhindwa tulilia na kucheka.

Njombe Mji hawakubaki. Msimu ulipokwisha mwaka 2018, Simba akawa bingwa, na waliokwenda chini ni Njombe Mji na Majimaji ya Songea. Msimu mmoja tu Ligi Kuu. Ukiangalia kwenye jedwali utasema walikuja wakaenda. Lakini wachezaji wake wengine walisonga mbele. Ditram Nchimbi aliyekuwa na timu ile msimu huo alikuja kuonekana akiwa na Polisi Tanzania, akawafunga Yanga mabao matatu katika mchezo mmoja mwaka 2019, na baadaye Yanga wenyewe wakamchukua.

Mwaka 2018, baada ya Ramadhani, tulikwenda tena kununua mzigo. Tulipita Sabasaba jioni. Hapakuwa na mechi ya ligi. Vijana wa mtaani walikuwa wanacheza, watazamaji labda thelathini, na mbwa mmoja. Na yule mama alikuwepo na ndoo ndogo, ile ya lita kumi. Hakutukumbuka mpaka tulipomwambia Zanzibar. Mwenzetu alinunua ndoo nzima akawagawia wale vijana. Safari hiyo magunia yake yalikuwa 25.

Ukitaka kwenda na wewe

Dada, si lazima iwe Njombe, wala si lazima iwe mpira. Iwe resi za ngalawa, iwe ng'ombe wa Pemba, iwe mchezo wa watoto wako skuli. Lakini yapo mambo tuliyojifunza.

Nenda na wanawake wenzako unaowaamini, na mtu wa nyumbani ajue mlipo. Sala ipange kabla hujatoka, si baada. Beba chakula chako na maji yako, maana ugenini hujui kilichopikwa pamoja na nini, na wengine kule hunywa ulanzi viwanjani, kwa hiyo chagua pa kukaa. Vaa vazi lako la stara na kitu cha joto ndani yake. Fedha gawana mahali mbalimbali, usizifunge zote kwenye pindo la kanga. Simu iweke ndani, uangalie kwa macho yako. Na ukiwa na mwenzako aliye kimya, usimwambie "jikaze". Mwambie "twende", ukae naye kando, umuache atizame.

Tena usisubiri mpaka mambo yawe mazuri ndipo upumzike. Bibi Aisha hakuambiwa amalize kazi kwanza.

Tunamuomba Allah awape wepesi dada zetu wote walio kwenye eda, walio kwenye madeni, na walio kwenye ukimya. Atujaalie riziki ya halali, iwe gari zima au ndoo ndogo, na atutilie baraka katika hiyo ndogo. Amin.

Tukutane tena panapo majaaliwa. Maa salama.